Ukurasa wa Kwanza Uliouliza Mbuzi

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya msimu mmoja. Nimebeba samaki Longech, nimelinda magari ya wakandarasi Lokichar, nimeuza laini za simu Lodwar. Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nilienda kwa sababu nilisikia kuna watu wanatengeneza programu na kuziacha wazi, yeyote azifungue, asome zilivyoundwa, azirekebishe. Nilitaka kumwona mtu wa namna hiyo.

Nilimkuta: mwanamke Mkongomani katika chumba cha mabati, kompyuta yake imefunikwa kitenge kuzuia vumbi. Yeye na wenzake wa nchi za mbali walikuwa wametengeneza programu ya kuwaonyesha wafugaji visima vyenye maji. Lakini upande wa Lokichar hakuna aliyevuka ukurasa wa kwanza.

“Tumetafuta kosa wiki tatu, kaka, hatulioni,” aliniambia. “Wenzangu wanasema kama kiangazi hiki watu hawaitumii, tutaondoa Turkana yote kwenye programu.”

“Mimi sijui kuandika programu.”

“Nani amekuuliza hiyo? Miguu unayo.”

Nilirudi Lokichar. Kwenye duka la kuchajia simu nilimsalimu mama mmoja mfugaji, “Ejok,” nikampa simu yangu ajaribu. Alisoma ukurasa ule, akacheka, akamwonyesha jirani yake.

“Eti niko na mbuzi ngapi! Hii simu ni mwizi ama ni serikali?”

“Ni swali tu, mama.”

“Wewe ni mtoto ya wapi? Mbuzi ya mtu inahesabiwa hivyo?”

Niliona aibu. Mimi ni mtu wa huku, na swali lilelile nililipita Kakuma bila kushtuka, labda kwa sababu sijawahi kumiliki hata mbuzi mmoja.

Nilimwandikia yule Mkongomani kwa kidole gumba, ujumbe mrefu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Nilieleza kwamba mfugaji humjua kila mnyama kwa rangi na kwa alama ya sikio, na jioni huona aliyepotea bila kuhesabu. Kutaja idadi mbele ya watu ni kuwaitia wanyama balaa. Programu haikuwa na kosa, ilikosa adabu.

Mmoja wa wale wa mbali alibisha: idadi inasaidia kukadiria maji. Yule Mkongomani alinitetea siku mbili. Siku ya tatu swali likafutwa, na mahali pake wakaweka maneno yangu: “Karibu. Unaelekea wapi?”

Nilimtafuta tena yule mama. Safari hii alifika hadi kwenye ramani, akaikodolea macho, kisha akanigeukia kwa ukali.

“Hii kisima wanasema iko na maji ni uongo. Mashine ilikufa juzi. Watu watatembea bure.”

“Basi waambie. Bonyeza hapo.”

Alibonyeza mwenyewe, polepole, akiuma mdomo. Ilikuwa taarifa ya kwanza kutoka upande wa Lokichar. Kabla ya jua kutua, Kakuma walikuwa wamekipaka kisima kile kwenye ramani rangi nyekundu, ya visivyo na maji, na yeye alikuwa tayari anataja kingine.