Vifungo Saba vya Shangazi

Shangazi yangu alishona nguo za watu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyewahi kuchomwa na pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Kila jioni kabla ya kufunga duka alifunga sumaku kwenye kamba, akaiburuta chini ya cherehani, chini ya kabati na nyuma ya mlango, mpaka pini zote zikarudi kwenye kopo lao. Nayasema haya mapema kwa sababu watu hudhani alianza kutafuta vyuma uzeeni. Hakuanza uzeeni. Alibadilisha sakafu tu.

Macho yalipokataa kutunga uzi, alifunga duka, akauza cherehani mbili kati ya tatu, akanunua mashine ya kutafutia vyuma: fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini, na waya wa kusikilizia masikioni. Nyuma ya kiwanda cha mbao kuna msitu, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na bwana misitu akampa kibali cha mwaka mmoja. Basi kila asubuhi akawa anapita mtaani na fimbo begani, mwiko wa mwashi kiunoni, na tepu yake ya kupimia shingoni vilevile kama zamani. Wenye maneno yao walisema. Mimi ni mtoto wa kaka yake, tena nilikuwa naishi kwake, nakula kwake. Siku moja mwenzangu wa kazini alimwona akipita, akaniuliza yule mama ni nani. Nikajitia hamnazo, nikasema simfahamu vizuri, nadhani amepanga nyumba ya jirani. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kazi yake niliiona kwa macho yangu siku nilipompelekea dawa aliyoisahau. Alikuwa anautambua msumari kwa mlio, na kizibo cha soda kwa mlio, kama alivyokuwa akijua sindano ya cherehani imepinda hata akiwa chumba cha pili. Mlio ukimridhisha, alikata udongo pande tatu na kuufunua kama mfuniko wa mfuko wa shati. Alitoa kitu chake bila kukifuta, akapima umbali wake kutoka kwenye miti ya karibu, akaandika daftarini, kisha akafunika na kushindilia kwa kiganja. Alisema mshono unaoonekana ni mshono wa mwanafunzi. Ukirudi kesho yake, huoni alipochimba.

Kibali kilipobakiza wiki mbili, bwana misitu alisema wazi kwamba hatakiongeza mpaka mhifadhi wa makumbusho aandike barua kuthibitisha kwamba vinavyotoka mle vina maana. Bahati ikawa upande wa shangazi, maana wiki hiyohiyo alipata sarafu kubwa ya shaba, imevaa kutu ya kijani, maandishi yakichungulia kwa mbali. Akaifunga kwenye kitambaa, akaomba miadi kwa mhifadhi.

"Wakininyima msitu, mwanangu," aliniambia, "nitakaa kwenye kiti hiki nikihesabu nzi mpaka nife."

Hakuwa anatania.

Asubuhi ya miadi, yeye akiwa anaoga, mimi niliichukua ile sarafu. Nilitaka kumsaidia. Nilikulia dukani kwake, na huko nilifundishwa kwamba nguo haimfikii mwenyewe bila kupigwa pasi. Nikatafuta limau, majivu na brashi ya kufulia, nikasugua dakika kumi, sarafu ikang'aa kama kitasa kipya. Nikairudisha kwenye kitambaa huku nikijisifu kimoyomoyo.

Mhifadhi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alitukaribisha kwenye chumba chenye meza ndefu na taa ya kuinamisha, akafungua kitambaa, akageuza sarafu upande mmoja, akageuza wa pili, kisha akauliza ni nani ameiosha. Nikasema ni mimi. Akaeleza bila ukali kwamba maandishi yale yalikuwa yamebaki ndani ya kutu yenyewe, na kutu ikiondoka, yameondoka nayo. Hakuna atakayejua tena ni ya mwaka gani wala ya nani. Usilolijua ni usiku wa kiza, na mimi taa nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mhifadhi akaanza kufunga kitabu chake cha kuorodheshea vitu.

Shangazi hakunigombeza. Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa daftari na lile kopo la pini. Ndani mlikuwa na vifungo saba vya shaba vyenye udongo, ambavyo mara mbili niliponea chupuchupu kuvitupa. Mhifadhi akasema kwa adabu kwamba vifungo huokotwa kila mahali.

"Vifungo hupotea kimoja kimoja, baba," shangazi akasema. "Hivi havikupotea."

Akafungua ukurasa wenye nukta saba kwenye mstari mmoja, na kati ya kila nukta na nyingine ameandika inchi tatu na nusu. Akamweleza kwamba koti lililazwa pale likiwa limefungwa, kitambaa kikaoza, vifungo vikabaki mahali pake. Kisha akavigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Kwenye tundu la nyuma la kila kimoja mlikuwa na uzi, mfupi kama kope, kutu imeuhifadhi.

"Sita vimeshonwa na fundi, uzi umezungushwa chini ya kifungo ukawa shina. Hiki cha saba kina fundo juu ya fundo. Hiki alishona mwenye koti mwenyewe, njiani, na kushona alikuwa hajui."

Mhifadhi aliivuta taa karibu, akachukua lenzi yake, akainama kwa muda mrefu. Alipoinuka alimwomba shangazi ampeleke akapaone mahali penyewe. Barua iliandikwa siku ileile, na bwana misitu akasaini kibali cha miaka mitatu.

Vifungo vilipowekwa kwenye kabati la kioo, tulikwenda kuviona. Kadi inasema vimepatikana na kuelezwa na fundi cherehani, kisha jina lake lote mpaka la babu. Shangazi aliisoma mara mbili. Halafu akamwita mhifadhi, akamwambia kile cha saba kimelazwa vibaya, fundo halionekani. Kijana wa watu akaenda kuleta ufunguo, akafungua kioo, akasogea pembeni, na shangazi akakigeuza kwa vidole vyake mwenyewe.

Mlinzi wa mlangoni alikuwa anatazama. Akaninong'oneza, yule mama ni nani mpaka anafunguliwa kabati?

"Ni shangazi yangu," nikasema, kwa sauti iliyomfanya mhifadhi ageuke. "Mimi ndiye niliyesugua sarafu."