Goti langu lilifungwa plasta posa ikiwa imefika: nilivyolikunja tena kwa kuamkia watu wa Njombe mpaka mbuzi wao

Wakuu, kamwene nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni bibi, nipo Mahongole hapa Makambako. Shule niliishia darasa la pili la misheni, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka msinicheke, zisukumeni zikae sawa. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na mguu ninao hapa, anayebisha aje auone.

Nimeona humu vijana wa mpira wanalia ligament, ligament. Mimi hilo jina nimefundishwa na mjukuu wangu, ambaye ni physio, tena physio kweli, amesomea, ana koti jeupe na watu wanampangia foleni. (Ndiyo, najisifu. Nani mwingine atanisifia?) Sisi tuliita nyuzi za goti.

Basi zangu zilikatika kwetu Njombe enzi za Mwingereza, picha ya Malkia iko ukutani pale boma la Njombe.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaposwa. Mchumba wangu aliitwa Yeremia, fundi wa baiskeli kule Lyamkena, upande wa Makambako. Ng'ombe wa mahari walishaanza kuingia zizini kwetu na baba alishawapa majina.

Siku hiyo natoka kwenye mianzi, nina kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kichwani. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, hivyo ulanzi wa kwetu tulisema ni wa wageni. Wageni wenyewe hawakuonekana ila kibuyu kilikuwa kinaisha.

Mvua imenyesha, mteremko unateleza kama mlenda. Mguu ukaingia kati ya matuta ya viazi ukanasa, mwili ukageuka huku, goti likabaki kule. Nikasikia KWA! kama muwa unavunjwa.

Kibuyu nilikiokoa. Goti sikuliokoa.

Nikabebwa kwa machela mpaka barabarani, halafu lori, mpaka hospitali ya misheni. Dresa, yule mganga msaidizi wa pale, akalibonyeza, nikamtukana kwa Kibena. Kumbe naye Mbena. Akasema, "Mfupa mzima, dada. Nyuzi ndizo zimekatika. Na mdomo wako pia mzima, nimeusikia."

Nikafungwa plasta toka pajani mpaka kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo POP yenu. Nikarudi nyumbani na mguu umenyooka kama mlingoti wa bendera.

Wakuu, kuwasha! Ndani ya plasta kunawasha mpaka unataka kulia. Nilichonga kijiti cha mwanzi nikawa najikuna kama mtu anayepekecha moto. Msifanye hivyo. Mjukuu anasema ningepata kidonda na ningeoza. Sikuoza, ila msifanye.

Nilikaa jikoni napukuchua mahindi, plasta ikawa nyeusi kwa moshi, kuku wakaigeuza njia ya kupandia kwenye kiota. Yeremia akaja na baiskeli yake toka Makambako, baridi imemkausha midomo. Mbele ya mama hatuwezi kuongea, basi akachukua mkaa akanichorea baiskeli kwenye plasta. Mama akajifanya anatafuta chumvi.

Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa naumwa.

Shida ikaja na shangazi yake Yeremia, Shangazi Malita. Mwanamke mrefu, sauti kama kengele ya kanisa. Kwetu binti anapomwamkia mkubwa anapiga magoti, na mke anawapigia wakwe magoti, hakuna mjadala. Shangazi Malita akanitazama toka juu mpaka chini, akamwambia mama:

"Huyu atatuamkia amesimama kama askari?"

Mama akasema, "Atapona, dada."

"Na asipopona? Si kuna huyu mdogo wake? Magoti yake nayaona yote mawili."

Mdogo wangu Eliza alikuwa anasonga ugali, mwiko ukasimama.

Wazee wakakubaliana hivyo. Plasta ikishatoka, watu wa Lyamkena watakuja kuamkiwa. Nikipiga magoti sawasawa, ndoa yangu. Nisipoweza, ataolewa Eliza, ng'ombe wasihangaike kurudi.

Jioni Eliza akaniambia, "Dada, mimi simtaki. Ana masikio kama sungura."

Nikamrushia gunzi. Masikio yenyewe ndiyo niliyoyapenda.

Plasta ikatolewa. Jamani. Mguu umekonda kama mpini wa jembe, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nikaliambia goti kunja. Halikunji! Kama la mtu mwingine.

Nikaanza kulia pale pale. Dresa akaniambia, "Usilie. Likunje kidogo kidogo kila siku. Usilishindilie, lakini usiliache. Ukiliacha limenyooka litakuwa mti."

Njiani nawaza, nitalikunjaje kila siku na kazi zote zile? Halafu nikajijibu. Si ni kuamkia tu! Kila salamu ni kukunja. Nikipata watu wengi, goti litapata kazi nyingi.

Kesho yake nikaenda na fimbo yangu kwenye njia ya sokoni, nikasimama. Kila mtu mzima anayepita, "Kamwene baba," nachuchumaa kidogo. "Kamwene mama," kidogo tena. Siku za kwanza nilikuwa nainama tu kama mti unaosukumwa na upepo, jasho linatoka na baridi ile ya Njombe. Baadaye likaanza kushuka. Wakubwa walipoisha nikaamkia vijana. Vijana walipoisha nikaamkia watoto, wakakimbia. Nikaamkia tarishi wa boma, akafikiri nina kesi. Asubuhi moja ya ukungu hakuna mtu njiani, nikaamkia mbuzi. Nao walinitazama vizuri tu.

Kuna mzee alipita kwenda, akapita kurudi, akapita tena amesahau ugoro wake. Nikashuka. Akapiga kelele, "Mwanangu, umeshaniamkia! Niache nifike!"

Mimi nilijulikana kwa mdomo mchafu. Sasa Njombe yote inasema binti wa mzee wa kanisa ugonjwa umemtia adabu. Mchungaji akanisema kwenye mahubiri. Nilikaa kimya, nikazinywa sifa.

Siku ikafika. Watu wa Lyamkena wakashuka kwenye lori, wakaketi, Shangazi Malita mbele, baba mkwe pembeni yake na ulanzi wa wageni mkononi. Fimbo nikaiacha jikoni.

Nikaenda. Nikashuka. Goti likalia kwa sauti watu wote wakasikia, lakini likagusa chini, yote mawili yakagusa chini.

"Kamwene, shangazi."

Sasa eleweni. Ukiamkia, huinuki mpaka uitikiwe. Yule mama akanitazama tu. Akarekebisha kitenge. Akatazama paa. Akapiga chafya akajishukuru mwenyewe. Goti linawaka moto, machozi yananijaa, naona Eliza mlangoni amejishika kichwa.

Nikavumilia, nikavumilia, halafu mdomo wangu ukanishinda:

"Shangazi, itikia basi! Goti lenyewe jipya hili!"

Mama yangu alifumba macho. Baba akawatazama ng'ombe wake kama anawaaga.

Halafu baba mkwe akapasuka kwa kicheko, ulanzi ukamtoka puani. "Malita, mwitikie mtoto! Nasikia kwao ameamkia mpaka mbuzi, wewe ndiye unamringia?"

Shangazi akajibana, akajibana, akashindwa. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka. "Kamwene, mwanangu, kamwene. Inuka."

Wakuu, siwezi kuinuka. Kushuka nilijifunza, kuinuka siku zote nilitumia fimbo.

Yeremia akaondoka kwenye kiti, mbele ya wazee wote, kitu ambacho mwanaume wa wakati ule hafanyi, akanishika kwapani akaninyanyua kama gunia la ngano. Na hakuniachia haraka.

Shangazi Malita akasema, "Basi. Mpelekeni huyu huyu. Wa kumwinua ameshapatikana."

Eliza alipiga vigelegele kushinda watu wote.

Tukaoana, tukahamia Makambako, tukazaa, wakazaa. Goti hili limelima, limebeba mimba, limepanda mlima na kuni. Kwenye mteremko nashuka kwa upande kama kaa, basi, hilo tu.

Nilichojifunza mimi ni kwamba aliyevunjika asikubali kugawiwa vitu vyake akiwa bado kwenye plasta. Watu wana haraka. Plasta ikitoka, kunja kidogo kidogo, kila siku, hata kama wanakushangaa. Na msikilize daktari wako, maana siku hizi kuna operation na mashine, na magoti hayafanani. Physio wangu amenikazania niandike hilo.

Haya, wenye magoti leteni yenu, lako lilirudije? Na wewe ambaye bado halijakunja, sema, tukae nawe.

Anayecomment aniamkie kwanza. Magoti nimewasamehe.