Mto wa Kataliko

Ukitaka kumchokoza Kahambu, mshona mito, mwambie manyoya yote ni sawa. Atakusimamisha hapo mlangoni kwake, mtaani Katoyi, achomoe nyoya la bawa la kuku na kukuchoma nalo shavuni. "Utalala juu ya misumari hii?" Kisha atakushikisha manyoya ya kifua cha bata, na utakubali mwenyewe. Mto akishaushona huukunja mara mbili, akauachia. Ukifunguka wenyewe, ni mzima. Ukibaki umekunjika, umekufa, hata uuvalishe foronya ya maua namna gani. Na kila mteja huondoka na onyo lilelile: jasho linaozesha manyoya, mwaka usipite hujaufua.

Mwalimu huyo! Kitandani kwake mwenyewe kulikuwa na mto uliokaa miaka mitatu bila kuonja maji.

Ulikuwa wa mume wake, Kataliko, umejazwa manyoya ya bata aliowafuga mwenyewe. Vita vilipofika kijijini kwao Kalengera, Kataliko alimtwisha mkewe mto huo kichwani, binti yao Daniella akabeba sufuria. "Mutangulie. Nikimaliza kuvuna maharage, nitawafuata." Maharage gani hayo yasiyokwisha kuvunwa, jamani? Walimngoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga, chini ya turubai la shitingi, mpaka kambi ikavunjwa. Wakamngoja Katoyi. Kahambu alichoka mpaka kuchoka kwenyewe kukamzoea.

Kakule, mdogo wa Kataliko, alikuja mara nne na neno lilelile. "Mama Daniella, tukae matanga. Miaka tatu mutu hata salamu hatumi? Padri asome misa, roho yake itulie."

"Mto bado unanuka yeye," Kahambu alimjibu kila mara. "Siku harufu itaisha, nitavaa nyeusi. Kabla ya hapo musinizikie bwana."

Kakule huondoka akitikisa kichwa, na Daniella humwonea mama yake huruma na haya kwa pamoja.

Basi, mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu, bati likavuja palepale penye kitanda. Kahambu alikuwa sokoni akigombania manyoya kwa wachinja bata. Aliporudi, mto ulikuwa umelewa maji. Kesho yake ukaanza kutoa uvundo. Akaubonyeza, akajua. Mteja angemwuliza, angemjibu bila kupepesa jicho: ufue leo, au kesho uutupe.

"Mama, iko inaoza," Daniella alisema polepole. "Lete nikusaidie."

"Acha. Ni wangu."

Akafumua mshono, akayamimina manyoya ndani ya neti ya mbu na kuifunga fundo. Akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, akabonyeza bila kusokota, kama anavyowafundisha wengine. Maji yakatoka ya kahawia. Alilia juu ya beseni lile, wala hakujificha. Kuyamwaga kulimshinda, Daniella ndiye aliyeyamwaga. Mara ya tatu yakatoka safi, akafua na kitambaa cha mto.

Jua lilipowaka, akaitandaza neti uani juu ya mawe meusi ya volkano, yanayoshika moto kuliko bati. Siku mbili aliyageuzageuza manyoya, mgongo unamuuma. Kisha akayarudisha, akashona. Akaukunja mto mara mbili, akauachia.

Ukafunguka wenyewe, taratibu, ukajaa.

"Iko muzima, mama!" Daniella akasema, akicheka kwa furaha.

Kahambu akauweka usoni, akavuta pumzi. Sabuni. Akaugeuza, akanusa pembe hii, akanusa ile, akanusa pale katikati kilipokuwa kikilala kichwa. Sabuni na jua, basi.

Akauweka mapajani na kuupangusa kwa kiganja.

"Daniella, enda kwa papa mudogo Kakule," alisema. "Umuambie akuje na mabenchi. Tutakaa matanga."