Bomba Lililoishia Mkongeni

Siku ardhi ilipokohoa, mwanangu, naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, na mzee wangu hapa akinisikia nasema hivyo hununa. Acha anune. Ilikuwa saa saba mchana, kwenye njia ya kutoka Segera kuja Handeni. Jua lilikuwa la utosi, mkonge umesimama kimya pande zote, na mimi nimekalia ndoo niliyoipindua, kompyuta mapajani, najiona mjuzi wa dunia.

Nakuhadithia kwa sababu ya swali ulilonitumia jana. Umesema umekabidhiwa ramani ya mabomba niliyoiacha nilipostaafu, na kompyuta inakulalamikia mstari mmoja unaoingia Kambi Bubu. Mwisho wa mstari huo kuna tenki lisilo na namba, na pale pa kuandika jina la mtumiaji kuna mtu ameandika "sijui". Umeniuliza kama uufute, maana Jumatatu mafundi wako wanashuka chemba ya jirani kubadilisha bomba kuu, na unataka ramani iwe safi. Maskini, hukujua kwamba aliyeandika "sijui" ni mimi. Sasa kaa chini unisikilize. Hili si la kujibu kwa meseji.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, Msambaa wa milimani, nimetoka chuo na cheti changu bado kinanukia wino. Ofisi moja ya maji huku chini ikaniajiri, jina lake tuliache. Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza mabomba yote kwenye kompyuta, yaliyochorwa na yasiyochorwa. Wewe umesoma kuliko mimi, lakini nitasema kwa lugha ya jikoni: kompyuta haioni picha. Wewe ukiona mistari miwili imepishana, jicho lako linaiunganisha. Yenyewe inajua tu kile ulichokifunga kwa kifundo. Ukisahau kifundo, maji yanaishia hewani. Ukiweka kifundo pasipostahili, umewapa watu maji ya kwenye ndoto. Ukifuta mstari, basi bomba hilo halijawahi kuzaliwa.

Wa kunionyesha mabomba alikuwa Mzee Mhando, fundi, Mzigua wa Sindeni, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alikuwa na nondo yake, imesuguka mpaka inang'aa, nayo ndiyo ilikuwa ramani yake. Akifika mahali huisimika ardhini, ncha ya juu akaitia kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Kisha atakwambia: hapa yanapita, hapa yanavuja, hapa pana hewa. Tulitembea naye miezi mitatu kutoka Korogwe hadi Kang'ata, na sikumbuki siku aliyokosea.

Kisha tukafika Kambi Bubu. Hiyo ilikuwa kambi ya manamba zamani, watu waliokuja kukata mkonge kutoka mbali na wengine wasirudi kwao. Shamba lilipokufa, kambi nayo ikafa, zikabaki kuta na makaburi yasiyo na majina. Hapo bomba la inchi nne linachepuka kutoka bomba kuu na kuzama mkongeni. Nikamuuliza linakwenda wapi. Akasema hajui, na aliyemfundisha kazi hakujua, ila siku nyingine linanguruma, na watu wa jirani hawapiti hapo saa saba.

"Lichore mpaka pale macho yangu yanapoishia," aliniambia, "halafu uandike sijui."

Nikalichora. Lakini lisemwalo lipo, na mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa chuo. Ilipofika wiki ya kupokea wageni wakubwa, bosi akataka orodha ya makosa iwe tupu. Kompyuta ikanitolea makosa, nikayasahihisha moja baada ya jingine mpaka likabaki moja tu: mstari unaoning'inia, hauna mwisho, Kambi Bubu. Njia ya halali ilikuwa kurudi mkongeni kutafuta mwisho wake. Mimi nikabonyeza kitufe cha kufuta. Orodha ikawa tupu, wageni wakapiga makofi, bosi akaninunulia soda. Na usiku nililala vizuri tu, usije ukadhani dhamiri ilinisumbua. Haikunisumbua hata kidogo.

Haikupita masika moja, bomba kuu likapasuka karibu na kambi. Handeni ikawa haina maji, na hospitalini akina mama wanajifungua kwa maji ya madumu. Nikaiuliza kompyuta tufunge valvu zipi. Ikanipa mbili, ya juu na ya chini. Zikafungwa, bomba likakauka, mafundi wakachimba shimo refu kumzidi mtu.

Kabla ya kushuka Mzee Mhando akasimika nondo yake. Akasikiliza sana. Upepo ulikuwa umeacha kuvuma, hata ndege nilikuwa siwasikii. Akafumbua macho akasema kuna maji yanataka kuja, tusubiri.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo. Unajua sisi na Wazigua tunavyotaniana. Mtani akikuchokoza hukasiriki, ukikasirika umeshindwa. Mimi nikautumia utani ule kumsukuma mtu. Nikainua kompyuta watu wote waione, nikasema, "Mzee, ramani inasema hapa pakavu. Au Mzigua unaogopa mizimu ya manamba?"

Vijana wote wakacheka. Mzee Mhando akanitazama, akatabasamu kidogo kama utani unavyotaka, akaiegemeza nondo kwenye udongo akashuka.

Akiwa chini, ameinama anakata bomba, ndipo ardhi ilipokohoa. Siwezi kukueleza vingine. Sauti ilitoka ndani ya mkonge, mbali, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Halafu ikasogea. Niliisikia ikija chini ya nyayo zangu, na ile nondo, haijashikwa na mtu, ikaanza kulia. Kijana mmoja akakimbia. Mimi nikaitazama kompyuta, mwanangu! Badala ya kumpigia mzee kelele apande, niliitazama kompyuta, na pale palikuwa pakavu kama kawaida.

Maji yalitoka na rangi ya damu ya kale, kutu tupu. Yalikuja na kipande cha chuma, kikampiga Mzee Mhando ubavu wa kichwa, upande wa kulia, na shimo likajaa mpaka kidevuni mwake kabla kamba haijamfikia. Walimtoa akiwa hai. Lakini sikio lile lilikufa siku ile ile. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, ila kilichoumia kilikuwa chake.

Nilikaa siku tisa bila kwenda kumwona. Woga, basi, sina neno jingine. Siku ya kumi nikaenda Sindeni na kilo mbili za sukari, nikapiga magoti mlangoni, shikamoo yangu ikatoka nusu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akanikaribisha, akaniambia nikae upande wa kushoto ili anisikie. Hilo peke yake lilinitoa machozi. Nikamwambia kila kitu, kitufe na soda pamoja.

Akasema, "Sikukasirikii kwa kutojua, binti yangu. Mimi mwenyewe sikujua. Nakukasirikia kwa kuifuta sijui yangu. Ile ndiyo ilikuwa valvu ya tatu."

Akaniambia pia kwamba utani ni wa kwenye harusi na msibani, si wa juu ya shimo. Halafu akainuka, akachukua nondo, akanikabidhi. Alitaka twende tukatafute mwisho wa bomba, na sasa mwenye masikio ni mimi.

Tulikwenda wiki iliyofuata, watu wawili tu. Kila hatua ishirini nasimika nondo, natia sikio, naye ananitazama uso. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya pili nikasikia mshindo wa mbali. Tulipofika katikati ya kambi, kwenye kuta zile, nikatia sikio. Nilisikia watu. Sikusikia neno hata moja sawasawa, ila ilikuwa mazungumzo, wengi, wanapokezana, kama uko nje ya nyumba yenye matanga. Nikamwambia Mzee Mhando ninachosikia. Akaniuliza kwa lugha gani. Nikasema sijui.

"Ni hewa," akasema. Akatembea kidogo, akageuka. "Mimi pia nilikuwa nawasikia."

Bomba lilipanda kilima kidogo nyuma ya makaburi, na juu kabisa, limefunikwa na mimea itambaayo, kulikuwa na tenki la saruji la zama za shamba. Kumbe siku zote bomba kuu likiwa na nguvu lilikuwa linalijaza tenki lile kimyakimya. Tulipolikausha bomba kuu, maji ya kilimani yakataka kurudi, yakazuiwa na valvu kuukuu iliyooza kwa kutu, mpaka ikaachia. Hicho ndicho kilikuwa kikohozi cha ardhi. Nikashusha pumzi, nikaona mambo yameisha, kila kitu kina sababu yake.

Mzee Mhando alinionyesha kwa kidole. Mimea ile ilikuwa imefunika tenki lote isipokuwa mahali pamoja, padogo, palipofyekwa vizuri. Hapo pana tundu, na juu ya tundu kata ya kibuyu. Nikaishika. Ilikuwa imelowa. Chini udongo umefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana, na hapakuwa na unyayo zaidi ya zetu. Tuliita hodi. Tuliita kwa Kiswahili, yeye akaita kwa Kizigua, mimi kwa Kisambaa. Nyumba ya karibu kabisa ilikuwa mwendo wa saa nzima, na tulipouliza huko, kila mtu alisema hajawahi kukanyaga pale.

Bosi alitaka bomba likatwe. Nikakataa, mara yangu ya kwanza kumkatalia mkubwa, kwa sababu kuna anayekunywa pale na mimi simjui. Tukaweka valvu mpya kwenye maungio. Nikaurudisha mstari kwenye kompyuta, nikaweka vifundo vyake, tenki lake, valvu yake, na kwenye jina la mtumiaji nikaandika tena neno lile nililolifuta: sijui. Nimekwenda pale kila mwaka mpaka nikastaafu, na sikumwona mtu. Kata ilikuwa imelowa kila mara.

Basi umenielewa. Mstari unaotaka kuufuta ndio umebeba valvu ya tatu. Ukiufuta leo, Jumatatu kompyuta itakwambia ufunge mbili, na itakwambia pakavu, na wewe utamwambia hivyo fundi aliyesimama juu ya shimo. Mficha uchi hazai, mwanangu. Ramani isiyo na sijui hata moja imechorwa na mtu anayeogopa bosi wake. Kompyuta ikilalamika, shukuru, inakuonyesha mahali miguu yako haijafika. Vaa viatu uende. Na kama umekwenda na bado hujui, liache neno lile pale pale, mwenzako atakayekuja alikute. Na fundi akisema tusubiri, subiri, hata mji mzima ukikupigia simu.

Mzee Mhando tulimzika Sindeni, na mimi ndiye niliyefanya utani wa msibani, maana hapo ndipo palikuwa mahali pake. Nondo aliniachia. Nimeiegemeza nyuma ya mlango, njoo uichukue kabla ya Jumatatu. Siku utakayoitia sikioni ukasikia wanazungumza, usikimbie, wala usiharakishe kusema ni hewa.

Mungu akupe sikio lile lililopotea kwa ajili yangu, na ulimi usioona haya kusema sijui. Akutangulie uendako, na Jumatatu jioni urudi na mafundi wako wote, idadi ile ile uliyoondoka nayo.