Doa la Tatu

Aina mbili za mwani wa kahawia nilizopewa kutenganisha zilifanana kabisa. Hata aliyezivuna Pwani na kunitumia Kakamega alizitofautisha kwa mifuko tu, mmoja mweupe, mwingine mweusi. Utafiti wangu wa shahada ya pili ulikuwa kuona kama kemikali zingeonyesha tofauti ambayo macho yameshindwa kuiona. Unaloweka mwani kwenye spiriti, unadondosha tone juu ya bamba lililopakwa unga mweupe, unalisimamisha kwenye kimiminika, na kemikali zinapanda, kila moja ikiacha doa mahali pake.

Kwa miezi mitano kila aina ilinipa madoa mawili yaleyale. Nilibadilisha spiriti, nikabadilisha bamba, nikaanza kushuku hata vidole vyangu. Kisha mzigo mpya ukafika ukiwa na unyevu. Joko la kukaushia la maabara lilitosha mfuko mmoja, kwa hiyo ule mweusi nikaupeleka nyumbani Navakholo. Safari hii mweusi ukatoa doa la tatu.

Msimamizi wangu alicheka kwa furaha. "Sasa andika, kijana. Wacha kufikiria."

Sikuweza. Mbona doa hilo halikuonekana zamani? Nikampigia mama.

"Mama, ule mwani uliukaushia wapi?"

"Hiyo manyasi yako ya kunuka samaki? Mvua ilikataa kuisha, baba. Niliweka kwa uchaga juu ya moto, pale nakaushanga mahindi ya mbegu."

"Kwenye moshi?"

"Sasa ulitaka ioze? Si ulifurahi ukipata imekauka?"

Kweli nilifurahi, na sikuuliza. Mimi ninayerudi mara tatu kuhakikisha nimefunga mlango!

Wiki nzima sikuandika hata sentensi moja. Hakuna ambaye angejua kuhusu moshi huo. Mwishowe nilipeleka nyumbani konzi ya mwani kutoka mfuko mweupe, mama akaipandisha uchagani bila kuuliza, nami nikairudisha maabara ikinuka jikoni kwetu.

Doa la tatu likapanda, palepale. Lilikuwa la moshi wa kuni. Aina zangu mbili zilibaki zimefanana kama siku ya kwanza.

Simu ikalia. "Imeonekana ile kitu unatafutanga?" mama akauliza.

"Imeonekana, mama."

"Asante Yesu! Si nilikuambia huo moto ni mzuri?"

Nilichukua bamba, likiwa bado bichi, nikaenda kugonga mlango wa msimamizi.