Neno Moja la Bibi wa Jirani

Juzi kwenye treni mtoto mmoja alikuwa akimtafsiria bibi yake maneno ya mkaguzi wa tiketi, kutoka Kiingereza kwenda Kihispania. Nilimtazama kwa jicho baya, rafiki yangu, kabla hata sijajua kwa nini. Kisha nikakumbuka Doonside, mtaa wetu wa ugenini, ule msimu tuliofungiwa majumbani kwa sababu ya korona.

Nilikuwa darasa la sita. Nyumba yetu ilinukia sombe, yale majani ya muhogo, na dawa ya kusafishia, na kazi yangu ilikuwa kupangusa vitasa vya milango asubuhi na jioni. Jumapili, kwa kuwa kanisa lilikuwa limefungwa, mama alituimbisha uani, mimi na wadogo zangu wawili. Sauti zilifika mbali.

Jumapili moja polisi wawili walikuja. Kuna mtu alikuwa amepiga simu kwamba tumekusanya watu. Walituhesabu, wakaondoka, lakini mama hakutulia. Alitazama uzio. Kila tukiimba, jirani yetu alisimama pale, bibi mmoja kutoka Chile asiyejua Kiingereza.

"Enda usikilize ule bibi anasema nini juu yetu," mama aliniambia.

Mjukuu wake nilisoma naye. Tulifanana: yeye akisemeshwa Kihispania, mimi Kiswahili, wote tulijibu kwa Kiingereza. Nilimwuliza kupitia uzio. Akakunja uso, akafikiri.

"Mkiimba anasema *más fuerte*. Nafikiri ni kwamba kelele zimezidi."

Ile "nafikiri" niliiacha njiani. Kiswahili changu kilikuwa haba, na neno lililonijia upesi mbele ya mama lilikuwa moja: "Anatuchukia."

Mama akafunga turubai la bluu uzio mzima. Nyimbo zikahamia jikoni, madirisha yamefungwa. Bibi akitupungia mkono barabarani, tulitazama chini. Siku moja aliacha mlangoni sahani ya vitumbua vya boga, bado vya moto. Mama akavimwaga. "Nani anajua ametia nini humu?" Harufu yake ninayo mpaka leo.

Masharti yalipolegezwa, mtoto wa kiume wa yule bibi alikuja kumchukua akaishi naye mtaa mwingine, Penrith. Kabla ya kuondoka, yule bwana aligonga kwetu.

"Mama yangu anauliza amewakosea nini."

"Tukiimba, anasema anatuchukia," mama akajibu. "Akatuitia polisi."

Yule bwana akashangaa. Akarudi kwenye gari, wakasemezana na mama yake, akaja tena. "Masikio yake hayasikii vizuri. Alikuwa anawaambia muimbe kwa nguvu zaidi. Na simu hata hajui kupiga."

Mama alienda hadi kwenye gari, akamshika yule bibi mikono yote miwili kupitia dirishani. Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi na mjukuu tulisimama kando, na hakuna aliyetuomba tutafsiri.

Aliyeita polisi hatukumjua kamwe. Mama bado humtilia shaka wa nyumba ya mbele.

Mwaka jana mjukuu alinipigia simu kunipa habari za msiba wa bibi yake. Uani kwa mama siku hizi hakuna anayeimba; nilimwambia hivyo, kwa Kiingereza, kama kawaida yetu.

"Wiki za mwisho bibi alinieleza mambo mengi sana kwa Kihispania," akasema. "Nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Sijui nilikubali nini."