Herufi Tano Chini ya Mlango

Usiku ule wa kungoja matokeo ya kidato cha nne, Gladwell alikesha jikoni akijifanya anachambua maharagwe. Binti yake Lorna alilala na simu kifuani, macho wazi. Baba mtu, Kathuri, bawabu huko Kiambere, alipiga simu mara tatu kuuliza kama kuna lolote. Hapakuwa na lolote. Matokeo yalitoka kesho yake mchana: D+. Lorna, aliyetaka kuwa muuguzi tangu akiwa na miaka minane, aliisoma alama ile mara moja, akaingia chumbani, akasukuma komeo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi alikuwa hatoki ila mama yake akiwa kazini.

Gladwell hakuwa mtu wa kungoja baya limkute amekaa. Chupa ya dawa ya kunyunyizia nyanya aliihamishia kwa jirani Jumatatu ile ile, akasingizia kwamba kuku wanaiangusha. Sahani aliyoiacha mlangoni asubuhi aliikagua jioni kama daktari: ugali umeliwa nusu, mboga haijaguswa. Usiku alitega sikio asikie kikohozi. Maneno ndiyo aliyoyakosa. Aliachia shule darasa la tano, na kila alilojaribu kusema kupitia mbao za mlango lilitoka likiwa mahubiri.

Kazi yake ilikuwa kwenye banda la kukusanyia ndizi, Mitunguu. Wanawake sita huosha ndizi, huzipanga kwenye kreti, kisha hungoja lori, na lori halina haraka. Kwa ajili ya kuwachangamsha, karani wao Koome aliwaanzishia mchezo. Jioni anaandika herufi kadhaa ubaoni. Kesho yake, wakingoja lori, kila mmoja anataja maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote, bila kuacha hata moja wala kuongeza. Mwenye maneno machache ndiye anayesugua kreti zilizoganda utomvu mweusi. Kwa karibu mwaka mzima msuguaji alikuwa Gladwell, na vidole vyake vilishakubali.

Alhamisi ile jioni, kwa kukosa la kusema, alichukua kipande cha boksi akaandika herufi za Koome: S, T, O, P. Akakisukuma chini ya mlango.

"Ni za kazini," akasema. "Nisaidie tu nisioshe kreti."

Akaenda kulala akijilaumu. Mtoto ana msiba wake, wewe unampelekea michezo!

Asubuhi kipande kilikuwa sakafuni, upande wake. *Stop, spot, post, pots, tops.* Ulikuwa mwandiko wa Lorna, umelalia kulia kama siku zote. Gladwell alikiokota, akakipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akakitia kifuani.

Siku hiyo alishinda. Akapeleka nyumbani T, E, A, M, na Jumamosi akarudi na *team, meat, mate, tame*. Akashinda tena. Jumamosi jioni akaja na herufi tano: S, P, A, R, E. Jumapili Lorna hakwenda kanisani, ila kipande kilipotoka kilikuwa na maneno matano, na sahani ilikuwa tupu.

Jumatatu bandani Gladwell alikariri kwa sauti: "*Spare, spear, pears, reaps, parse.*"

Kaari, mwanamke aliyefika kidato cha pili na ambaye kabla ya hapo hakuna aliyemshinda, aliweka kisu chini. "Mama Lorna, hiyo *spare* najua umeisoma kwa duka la pikipiki. Lakini hii *parse*, ni kitu gani? Ni ya kula ama ni ya kuvaa?"

Wenzake wakacheka. Gladwell akaangalia ndizi.

"Sema basi! Ama ni dawa ya minyoo?"

"Ni ya msichana wangu," akasema Gladwell. "Zote ni zake. Tangu Ijumaa."

Koome akakuna kichwa. "Sheria ni sheria, mama. Neno hutajwa na anayelijua. Kreti za leo ni zako, pamoja na za Ijumaa na Jumamosi."

"Na kama anajua Kiingereza hivyo," Kaari akaongeza, "mbona alianguka mtihani? Mwambie aje aseme mwenyewe. Akinishinda hapa mbele ya watu, naosha kreti wiki nzima, naapa."

Gladwell alisugua kreti arobaini. Kila aliposugua alijiuliza: nimwambie, nisimwambie? Neno lile la kuanguka lingeweza kulikaza komeo kabisa. Lakini akificha, jioni atasukuma nini chini ya mlango? Koome hakuandika herufi mpya. Alisema ataziandika mgeni akifika.

Nyumbani alikaa sakafuni, mgongo mlangoni, akasimulia yote. Hakuruka kitu, hata dawa ya minyoo.

Ndani hapakusikika hata kitanda. Kuku walikuwa wakipanda kulala. Nimemmaliza, Gladwell akawaza.

"Mum." Sauti ilikuwa karibu sana, kama ya mtu aliyekaa sakafuni vilevile. "Kaari alisema nimeanguka?"

"Alisema."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningejibu nini, Lorna? *Parse* yenyewe siijui."

"Ni kuchambua sentensi. Unatenganisha maneno, unaona kila moja linafanya kazi gani. Na ulisugua kreti ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini! Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya utomvu," akasema Gladwell, na ng'ambo ya mbao akasikia kitu kama kicheko kilichozuiwa puani.

"Lori hufika saa ngapi?"

"Likiharakisha, saa nne."

"Basi kesho tuondoke saa mbili. Nataka niuone huo ubao kabla Kaari hajauona. Kuna maji ya moto? Hizi nywele haziwezi kwenda mbele ya watu."

Gladwell alijiinua haraka, goti likalia, akasogea pembeni asiegemee mbao. Komeo likakwaruza, likakwama, likasukumwa tena. Mlango ukafunguka.